Ngao Iliyong'aa Mimbarini: Uhakiki wa Mahubiri ya Waefeso 6:16 Mbele ya Ushahidi wa Akiolojia

Utangulizi

Ni mafungu machache ya Waraka kwa Waefeso yanayohubiriwa kwa shauku katika sharika zetu kama lile la silaha za Mungu katika sura ya sita. Vijana wa Kipaimara hulikariri, kwaya huliimba, nao wainjilisti hulitumia katika mikutano ya uamsho. Na mhubiri afikapo kwenye ngao ya imani, katika aya ya 16, mara nyingi huyaacha maneno ya Mtume kwa kitambo, akaanza kumchora askari wa Kirumi kana kwamba alimwona asubuhi ile njiani. Ngao ya askari huyo inang'aa. Ina mabawa ya shaba na umeme wa dhahabu. Imeloweshwa maji ili mishale ya moto izimike. Wasikilizaji hufurahi, na mhubiri huridhika kwamba amefafanua Maandiko kwa msaada wa historia.

Makala hii inakusudia kuyahakiki mahubiri hayo. Hatuhakiki mhubiri mmoja wala kitabu kimoja, bali mapokeo ya kuhubiri ambayo sisi wenyewe tuliyapokea, tukayahubiri na kuyafundisha wengine. Tunauliza: je, ngao hiyo inayong'aa mimbarini ilikuwako? Na ikiwa haikuwako, je, kosa hilo ni dogo, la pambo tu, au lina madhara kwa wale wanaotusikiliza?

1. Mahubiri yenyewe

Mapokeo haya yana madai matatu ambayo husimama pamoja. La kwanza ni kwamba ngao ya askari wa Kirumi ilipambwa kwa madini usoni mwake, hata ikametameta juani na kumtia adui hofu. La pili ni kwamba kabla ya vita askari aliitia majini ili ngozi yake inywe maji na kuzima mishale ya moto. La tatu ni kwamba Mtume, akiwa kifungoni na amelindwa na askari, aliitazama ngao hiyo na kuandika alichokiona.

Kila dai lina mvuto wake. La kwanza lapendeza macho, la pili latoa funzo rahisi (Neno la Mungu ndilo maji), na la tatu lamfanya mhubiri aonekane amesimama pamoja na Mtume chumbani. Picha za rangi zinazobandikwa katika madarasa ya Shule ya Jumapili huyatia nguvu yote matatu, maana mtoto akishaiona ngao nyekundu yenye mabawa ya dhahabu hataisahau mpaka uzeeni. Sisi hatukuisahau. Tuliibeba chuoni, tukatoka nayo chuoni ikiwa vilevile, na tukaipeleka Dumila.

2. Tulichoambiwa Dumila

Dumila ni mji mdogo wa wilaya ya Kilosa, ulio juu ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, mahali inapochepuka barabara ya Kilosa. Ni njia panda kwa kila maana. Wakulima wa Kikaguru na wa makabila mengine hukutana hapo na wafugaji wa Kimaasai na Kiparakuyo. Mahindi, mpunga na ng'ombe vyote hupita hapo. Miaka michache iliyopita tuliombwa kufundisha semina ya wainjilisti na wazee wa kanisa, na somo letu la siku ya pili likawa silaha za Mungu. Tulibandika ukutani picha ya askari wa Kirumi, tukaeleza madai matatu kama tulivyozoea.

Mzee mmoja wa Kiparakuyo aliyekuwa ameketi mbele aliitazama picha kwa muda mrefu, kisha akaomba ruhusa ya kuuliza. "Mchungaji," alisema, "ngao hiyo yenye mabati, mtu aliibeba kutwa nzima?" Tulijibu kwamba askari wa Kirumi walikuwa na nguvu. Akatikisa kichwa kwa upole. Akatueleza kwamba babu yake alikuwa na ngao ya ngozi ya nyati, iliyochorwa kwa rangi, na kwamba mtu aliijua ngao ya mwenzake kwa mbali kwa sababu ya michoro yake. Kisha akaongeza: "Na hayo maji, Mchungaji, sijaelewa. Ngozi ikilowa inalegea na kuwa nzito, rangi nayo inatoka. Babu alipoona mvua aliificha."

Tulicheka pamoja naye, tukaendelea na somo. Lakini neno lake halikutuacha. Mtu ambaye hakuwahi kusoma historia ya Roma alikuwa ameuliza swali ambalo walimu wetu hawakuliuliza, kwa sababu yeye aliijua ngao kama chombo, na sisi tuliijua kama picha. Yaliyosemwa na mwingine mwishoni mwa siku hiyo tutayarudia katika hitimisho. Kwanza tumwachie mzee nafasi yake, tuiulize ardhi.

3. Ushahidi uliotoka ardhini

Ngao ya Kirumi ilikuwa hasa kitu cha mti, ngozi na gundi, na vitu hivyo huoza. Kwa hiyo zilizosalia ni chache mno, nazo zimesalia mahali pakavu. Tuna maelezo ya mwandishi Polybius wa karne ya pili K.K., aliyewajua Warumi kwa karibu. Yeye asema kwamba ngao ndefu iliundwa kwa tabaka mbili za mbao zilizounganishwa kwa gundi ya ng'ombe, ikavikwa kitambaa kisha ngozi ya ndama. Madini anayoyataja ni ya mahali pawili tu: chuma cha kulinda ukingo wa juu na wa chini, na kitovu cha chuma katikati cha kugeuza mapigo makali.

Katika Fayum, nchini Misri, ilifukuliwa mwaka 1900 ngao ya namna hiyo, yenye urefu wa sentimita 128. Wataalamu wamebishana kama ilikuwa ya Mrumi au ya askari wa Kikelti aliyekodiwa. Iwe ya nani, imeundwa kwa tabaka tatu za vipande vyembamba vya mti, na hata kitovu chake ni cha mti.

Ushahidi ulio mkubwa zaidi umetoka Dura-Europos, mji wa ngome kando ya mto Frati nchini Siria, uliochimbuliwa na Chuo Kikuu cha Yale pamoja na Wafaransa kati ya 1928 na 1937. Mji huo ulizingirwa na Waajemi, ukaanguka yapata mwaka 256 B.K. Huko ilipatikana ngao ya mstatili iliyopinda, ile hasa ambayo picha zetu hudai kuionyesha, nayo sasa imehifadhiwa Yale. Ina urefu wa zaidi ya mita moja. Imeundwa kwa tabaka tatu za vipande vya mti vilivyobandikwa kwa kupishana, ikavikwa ngozi, na uso wake wote umepambwa: simba, tai mwenye shada la ushindi, na sanamu za Ushindi wenye mabawa. Mapambo hayo yote ni ya rangi iliyopakwa kwa brashi, si ya madini. Katikati kuna tundu ambapo kitovu cha madini kilikaa, nacho kimepotea. Huko huko zilipatikana ngao nyingine za umbo la yai zenye picha za vita vya hadithi za Kigiriki, nazo pia ni za rangi juu ya mbao. Kingo za ngao za Dura hazikuzungushiwa hata shaba; zilishonewa ngozi mbichi.

Mtu aweza kusema kwa haki kwamba Dura ni ya karne ya tatu, na Waraka kwa Waefeso ni wa karne ya kwanza. Basi tuitazame karne ya kwanza. Katika ngome za Kirumi za Uingereza na Ujerumani wachimbuaji wamepata vipande vingi vya utepe wa shaba uliokunjwa, ambao ulifunika ukingo wa ngao usipasuke kwa mapigo ya upanga. Vitovu vya chuma na vya shaba vimepatikana pia. Na katika kambi ya Vindonissa, nchini Uswisi, vimepatikana vifuniko vya ngozi ambavyo ngao ilivalishwa safarini. Juu ya kifuniko palishonewa pambo na jina la kikosi, Legioni ya XI. Pambo hilo nalo lilikuwa la ngozi.

Je, hapakuwa na pambo la madini kabisa? Lilikuwako, na mfano wake mzuri ni kitovu cha shaba kilichotolewa katika mto Tyne, kaskazini mwa Uingereza, katika karne ya 19. Juu yake zimechorwa kwa ncha ya chuma picha za tai, mungu wa vita Mars, majira manne ya mwaka na ng'ombe dume. Tena limeandikwa jina la Legioni ya VIII Augusta, na kwa nukta zilizogongwa, jina la mwenyewe: Junius Dubitatus, wa senturia ya Julius Magnus. Hapa tuna ngao iliyopambwa kwa madini bila shaka yoyote. Lakini pambo lenyewe liko juu ya kitovu, yaani juu ya kipande ambacho kilikuwa lazima kiwe cha madini kwa sababu kiliukinga mkono. Fundi hakuongeza madini kwa ajili ya uzuri; aliutia uzuri juu ya madini yaliyokuwapo kwa ajili ya kazi.

Jambo moja la kanuni yatupasa kulizingatia hapa. Mti huoza, lakini shaba hudumu. Kama ingalikuwa desturi ya kila askari kuwa na mabawa na umeme wa shaba juu ya ngao yake, tungetazamia wachimbuaji wayapate kwa wingi kama wanavyozipata kingo na vitovu. Hawajayapata kwa kiasi cha kutuwezesha kuiita desturi. Ni kweli kwamba shaba iliyochakaa iliyeyushwa na kutumiwa tena, lakini kingo na vitovu navyo viliyeyushwa, na hata hivyo vimesalia. Ukimya wa ardhi si uthibitisho kamili. Hata hivyo ni ukimya wenye uzito.

4. Mawe yalivyotupotosha

Basi mabawa ya dhahabu yalitoka wapi? Yalitoka katika mawe. Nguzo ya Kaisari Trajan mjini Roma, iliyowekwa wakfu mwaka 113 B.K., imechongwa vita vyake na Wadakia kuanzia chini hadi juu, na ngao za askari wake zina mabawa, umeme na mashada yanayotokeza juu ya uso wa ngao. Wachoraji wa karne za baadaye walitazama nguzo hiyo, wakaona vitu vilivyotokeza, wakahukumu kwamba ni mabamba ya madini yaliyopigiliwa. Watengenezaji wa filamu wakawafuata, na vitabu vya watoto vikawafuata watengenezaji wa filamu.

Lakini jiwe haliwezi kutuambia hilo. Mchongaji ana patasi, hana brashi. Kitu ambacho katika ngao halisi ni mstari wa rangi, yeye hana budi kukiinua ili kionekane. Tuchukue mfano wa kwetu. Nembo ya Taifa la Tanzania ni ngao, na ndani yake mna mwenge, bendera, mkuki, shoka na jembe, na mawimbi ya maji. Katika karatasi hivi vyote ni rangi. Fundi anapoichonga Nembo hiyo juu ya ubao wa mninga, mwenge hutokeza, na mawimbi pia hutokeza. Je, mtu atakayeufukua ubao huo baada ya miaka elfu mbili atakuwa na haki ya kusema kwamba Watanzania walikuwa na ngao zilizopigiliwa mawimbi ya shaba? Hatakuwa nayo. Angalikuwa ameisoma mbinu ya fundi akidhani anakisoma kitu chenyewe.

Waandishi wa kale wanakubaliana na brashi kuliko patasi. Vegetius, aliyeandika juu ya mambo ya jeshi mwishoni mwa enzi ya Roma, asema kwamba vikosi vilichora alama mbalimbali juu ya ngao, kila kikosi na yake, ili askari wasipoteane katika msukosuko wa vita. Na kwamba jina la askari liliandikwa pia. Tacitus asimulia jinsi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 69 B.K., karibu na Cremona, askari wawili walivyookota ngao za adui waliokufa, wakapenya katikati ya adui bila kutambuliwa, wakazikata kamba za mtambo mkubwa wa kurushia mawe. Waliuawa, lakini mtambo ulinyamaza. Kisa hiki chatuonyesha kwamba pambo la ngao lilisema mtu ni wa nani, na kwamba watu waliliamini kuliko sura ya mtu mwenyewe. Mzee wetu wa Dumila angekielewa mara moja, maana michoro ya ngao za Wamaasai, iitwayo sirata, nayo ilimtaja mtu kwa kundi lake, na ilikuwa rangi juu ya ngozi: nyekundu, nyeupe na nyeusi.

5. Fedha na dhahabu

Hatutakuwa waaminifu tukiuficha ushahidi wa upande wa pili. Suetonius asema kwamba Julius Caesar alipenda askari wake wawe na silaha zilizopambwa kwa fedha na dhahabu, kwa sura nzuri na pia ili wazishike kwa nguvu zaidi vitani wakiogopa hasara. Na Josephus, mwandishi wa Kiyahudi aliyekuwapo Yerusalemu ilipozingirwa mwaka 70 B.K., aeleza kwamba Tito alisimamisha mashambulizi kwa siku kadhaa ili awalipe askari mishahara mbele ya macho ya watu wa mji. Askari walizivua silaha zao vifuniko, na uwanja ukang'aa kwa fedha na dhahabu. Watu walijaa ukutani kutazama, nao wakaogopa.

Maneno haya yana uzito, kwa sababu ni ya karne ya kwanza, tena ni ya mtu aliyeshuhudia. Lakini tuyasome kwa makini. Josephus anazungumzia silaha kwa ujumla, mavazi ya vita, na mapambo ya farasi. Hasemi kwamba uso wa ngao ulikuwa wa dhahabu. Tena asema kwamba silaha hizo zilikuwa zimefunikwa kama ilivyokuwa desturi, zikafunuliwa kwa ajili ya gwaride. Kwa hiyo mng'ao ulikuwako, lakini ulikuwa wa siku ya maonyesho, na ulikuwa na kusudi: kuwavunja moyo watu wenye njaa waliofungiwa ndani ya kuta zao.

Kwamba ngao yaweza kuvikwa madini, jambo hilo halina ubishi. Jirani zetu wa Ethiopia walikuwa na ngao za ngozi zilizofunikwa mahameli na kupambwa kwa vipande vya fedha au shaba, nazo zilikuwa alama ya cheo na heshima. Lakini mfano huo wenyewe watufundisha kutofautisha. Ngao ya mkuu ilisema ukuu wake. Ngao ya askari wa kawaida ilipaswa kubebeka. Mifano iliyotengenezwa katika siku zetu kwa kufuata ngao za Dura na Fayum ina uzito wa kilo 5 na nusu hivi hadi 10 bila mabamba yoyote usoni. Mzee aliyeuliza kama mtu aliibeba kutwa nzima aliuliza swali la kitaalamu.

6. Maji

Dai la maji ndilo lenye msingi dhaifu kuliko yote, ingawa ndilo linalopendwa zaidi. Polybius, anayetaja mpaka gundi, hataji maji. Thucydides, katika habari za kuzingirwa kwa Plataea mwaka 429 K.K., aeleza kwamba ngozi zilitandazwa mbele ya ukuta wa mbao ili mishale ya moto isiudhuru. Lakini huo ni ukuta, si ngao ya mkononi, na kazi ilifanywa na ngozi. Yaelekea wafafanuzi walikichukua kitu cha ukutani wakakitia mkononi mwa askari.

Tena ushahidi wa vitu wapinga dai hili waziwazi. Ngao ilishikamana kwa gundi itokanayo na wanyama, na gundi hiyo hulegea ikikaa majini. Mbao nyembamba zilizobandikwa tabaka kwa tabaka huvimba na kuachana. Picha iliyopakwa rangi huharibika. Vifuniko vya ngozi vya Vindonissa vilikuwa vya kuzuia mvua isiifikie ngao. Je, jeshi litamshonea askari kifuniko cha kuizuia mvua, kisha limwamuru aitumbukize ngao hiyo hiyo mtoni? Babu wa mzee wetu aliificha ngao yake mvua ilipokuja, na jeshi la Roma lilifanya vivyo hivyo.

7. Waraka wenyewe

Twaja sasa kwenye dai la tatu, la kwamba Mtume aliandika alichokiona. Wataalamu hawakubaliani juu ya mwandishi wa Waraka huu wala juu ya mahali ulikoandikwa, nasi hatutaingia katika mjadala huo. Lakini hata tukikubali kwamba Paulo aliuandika akiwa kifungoni Roma, askari anayemlinda mfungwa ndani ya nyumba hahitaji kubeba ngao ya vitani yenye urefu wa zaidi ya mita.

Jambo lililo kubwa zaidi ni kwamba silaha hizi zilikuwa zimekwisha kuandikwa kabla ya Waraka huu. Katika Isaya 59:17 Bwana mwenyewe anavaa haki kifuani na wokovu kichwani. Katika kitabu cha Hekima ya Sulemani, sura ya 5, Mungu huuchukua utakatifu uwe ngao. Waraka unasema kwamba silaha hizi ni za Mungu, na msomaji aliyelelewa katika Agano la Kale alijua maana yake: ni zile alizozivaa Mungu alipoona kwamba hakuna wa kuingilia kati na kutetea haki. Tukimweka askari wa Kaisari katikati ya mimbari, twamsahau huyo aliyezivaa kwanza.

Hatusemi kwamba ngao ya Kirumi haina nafasi kabisa. Neno la Kigiriki lililotumika, thureos, latokana na neno la mlango, nalo lilikuwa jina la ngao ndefu ya namna tuliyoieleza. Wasikilizaji wa kwanza walizijua ngao hizo, na pengine walizifikiri. Lakini waliyoyajua ni mbao, ngozi, gundi, rangi, na kipande cha chuma mahali pa mkono. Ni kitu kinachofunika mwili wa mtu kama mlango ufunikavyo chumba. Kazi ya kuizima mishale, Waraka waipa imani, bila kueleza ufundi wa kuilowesha ngao. Ufundi huo tumeuongeza sisi.

Hitimisho

Tumeona kwamba madini katika ngao ya askari wa kawaida yalikaa kwenye kitovu na ukingo, yalikolazimika kwa kazi. Kwamba uso wa ngao ulipambwa kwa rangi, na kwamba rangi hiyo ilimtaja mtu ni wa kikosi gani. Kwamba mng'ao wa fedha na dhahabu ulikuwako, lakini ushahidi wetu ulio bora wauonyesha siku ya gwaride mbele ya mji uliozingirwa. Na kwamba maji hayana msingi. Je, haya ni mambo madogo? Ndugu mmoja mchungaji alituambia kwamba ikiwa funzo ni jema, mfano usio sahihi haudhuru. Hatukubaliani naye, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni ya ukweli. Mhubiri anaposema "historia yatuambia," anaomba asadikiwe kwa jina la elimu. Vijana wetu wengi sasa wanasoma, na siku mmoja wao atakapogundua kwamba maji ya ngao yalibuniwa, hatatofautisha kati ya lile tulilobuni na lile tulilokabidhiwa. Elimu isitumiwe kama mabamba ya kupigilia usoni mwa mahubiri ili yang'ae.

Sababu ya pili tuliipata Dumila, jioni ya siku ile. Tulipokuwa tukikusanya vitabu, mwinjilisti mmoja kijana, mkulima kutoka upande wa Rudewa, alitusogelea. Alikuwa hajasema neno siku nzima. "Mchungaji," alisema, "hiyo picha naomba usituachie hapa ukutani." Hatukuhitaji kumwuliza sababu. Mwezi wa Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji, na katika wilaya ile si ugomvi huo peke yake uliomwaga damu. Mzee wa Kiparakuyo na kijana huyu walikuwa wameketi katika benchi moja siku hiyo, wakisoma Biblia moja. Nasi katikati yao tulikuwa tumebandika mtu mwenye silaha zinazong'aa, tukawaambia: huyu ndiye mfano wa Mkristo. Kosa la akiolojia lilikuwa pia kosa la uchungaji. Ngao yetu ya mabamba ilikuwa ile ya gwaride la Tito, na wao wote wawili, kila mmoja kwa namna yake, walikuwa wamesimama ukutani.

Tuliibandua picha ile, nasi hatukuibandika tena popote.

Kuna jambo moja la Dura-Europos ambalo tumeliacha hadi hapa. Walipokuwa wakijiandaa kuzingirwa, askari wa Roma walijaza udongo nyuma ya ukuta wa mji ili kuutia nguvu, wakazifukia nyumba zilizokuwa kando yake. Moja ya nyumba hizo ilikuwa kanisa, mojawapo ya majengo ya kale zaidi ya ibada ya Kikristo tunayoyajua. Wakristo wa mji huo waliishi hatua chache kutoka kwa askari wenye ngao zilizochorwa tai na Ushindi. Pengine baadhi ya askari walikuwa miongoni mwao. Nao walikuwa na rangi na ukuta, wakachagua cha kuchora juu ya kisima cha ubatizo. Wakachora mchungaji na kondoo wake.

Mwalimu wa Shule ya Jumapili anayetafuta picha ya kubandika ukutani Dumila aanze na hiyo. Na mhubiri atakayefika kwenye ngao ya imani aieleze ilivyokuwa: chombo cha mti na ngozi, kilichoandikwa jina la mwenyewe, kizito kiasi cha kuchosha mkono, kinachofaa kwa sababu mtu amekubali kusimama nyuma yake.